Vyuma vya Fundi na Vyuma vya Mwanagenzi

Juma hili tumepokea barua ambayo imetulazimu kutoka jikoni na kwenda uwanja wa gofu. Imeandikwa na mama mmoja, mke wa ofisa wa jeshi, akaaye katika kambi ambayo hatutaitaja. Anasema kwamba mume wake alianza kucheza gofu miaka mitatu iliyopita, na kwamba mchezo huo umeleta heri nyumbani, kwa kuwa siku za Jumamosi hurejea mapema, akiwa na akili timamu na njaa ya chakula cha mkewe. Lakini sasa limezuka neno. Wenzake wamemcheka kwamba fimbo zake ni nene kama majembe, na kwamba ni "vyuma vya wanawake na wazee". Naye amekusudia kuziuza na kununua vyuma vyembamba vya mafundi. Tofauti ya bei ataitoa katika akiba waliyoiweka kwa ajili ya mabati ya nyumba yao kijijini.

"Nyumba imefika kwenye linta," anaandika mama huyu, "na mvua za Machi haziko mbali. Tafadhali ndugu mwandishi, niambie kama mume wangu anahitaji vyuma hivyo, au anahitaji tu kuwanyamazisha wenzake."

Dada yangu, swali lako si dogo, nami siwezi kulijibu kwa kumlaumu afande, kwa maana mimi mwenyewe niliwahi kuanguka katika shimo hilo hilo. Nitasimulia habari hiyo baadaye. Kwanza yatupasa tujue ni kitu gani kinachogombewa.

FIMBO NA KAZI ZAKE

Mchezaji wa gofu huruhusiwa kuchukua katika mfuko wake fimbo zisizozidi 14. Kiasi hicho kiliwekwa huko Marekani mwaka 1938, na ulimwengu mzima unakifuata hadi leo. Baadhi ya fimbo hizo zina vichwa vikubwa vya kupigia mpira mbali, na moja ni ya kuusukuma mpira shimoni. Zilizo katikati, ambazo hutumika mara nyingi mchezaji anapokaribia shimo, huitwa vyuma, nazo zimepewa nambari. Kadiri nambari inavyokuwa ndogo, ndivyo uso wa chuma unavyosimama wima na mpira unavyokwenda mbali. Kadiri nambari inavyokuwa kubwa, ndivyo uso unavyolala nyuma na mpira unavyopaa juu na kutua karibu.

Kwa miaka mingi vyuma vyote vilikuwa vya namna moja. Mhunzi alifua kipande cha chuma laini, akakipiga hata kikawa chembamba, na uzito wote ukakaa nyuma ya kitovu cha uso. Mabingwa wa zamani, kama Bobby Jones, Ben Hogan na Jack Nicklaus, walijipatia sifa zao kwa vyuma vya namna hiyo. Ndiyo maana hata leo kijana akiona chuma chembamba chenye kung'aa huona ndani yake heshima ya wazee hao, na moyo wake hutamani.

Mabadiliko yaliletwa na mtu ambaye hakuwa bingwa wa mchezo. Karsten Solheim alizaliwa Norway mwaka 1911, akachukuliwa Marekani angali mtoto mdogo, akawa mhandisi wa kampuni ya General Electric. Alianza gofu akiwa na umri wa miaka 42, naye aliona taabu ile ile waionayo watu wote wanaoanza mchezo ukubwani. Badala ya kujilaumu aliitazama fimbo kwa jicho la mhandisi, na mwaka 1959 akaanza kutengeneza fimbo zake, zikaitwa Ping kwa sababu ya mlio uliotolewa na fimbo yake ya kwanza ya kusukumia mpira. Wazo lake kubwa lilikuwa hili: kuuondoa uzito katikati ya kichwa cha fimbo na kuupeleka pembeni. Vyuma vyake viitwavyo Eye 2, vilivyotoka mwaka 1982, vilienea sana duniani, na tangu hapo viwanda vingine vyote vimefuata njia hiyo kwa namna moja au nyingine.

KWA NINI UZITO WA PEMBENI HUSAIDIA

Mama msomaji amwonaye mchota maji akibeba mzega atalifahamu jambo hili upesi. Mtu huyo ana mti begani, na jerikeni moja kila mwisho wa mti. Jaribu kumgeuza kwa kuusukuma mti upande mmoja. Utaona kwamba hageuki kwa urahisi, kwa sababu uzito uko mbali na mwili wake. Lakini jerikeni zote mbili zikifungwa karibu na shingo yake, msukumo mdogo tu utauzungusha mti.

Hivyo ndivyo chuma kinavyotenda. Mpira ukigongwa na kitovu cha uso, vyuma vyote viwili huenda vizuri. Ukigongwa karibu na ncha au karibu na kisigino cha fimbo, chuma chembamba hujipinda mkononi, mpira hupotea upande, na masafa hupungua sana. Tena mkono hupata uchungu kama uliopigwa na umeme. Chuma chenye uzito pembeni hujipinda kidogo tu. Kosa halifutiki, lakini adhabu yake hupunguzwa.

Aidha, vyuma hivi vya mwanagenzi vina misaada mingine mitatu. Soli yake ni pana, kwa hiyo hauzami ovyo katika udongo ulioloa mchezaji anapopiga nyuma ya mpira. Uzito wake uko chini, kwa hiyo mpira hupaa bila nguvu nyingi. Na uso wake umerudishwa nyuma kidogo ya shingo, hata uso wa fimbo huchelewa nukta moja kufika penye mpira. Nukta hiyo humpa mchezaji nafasi ya kuufunga uso vyema, na mpira uliozoea kukimbilia kulia huanza kwenda sawa.

Je, basi vyuma vyembamba havina faida? Vina faida kubwa kwa mwenye kuvistahili. Fundi anayegonga kitovu kila mara huweza kuupinda mpira kulia au kushoto apendavyo, kuupitisha chini ya matawi ya mti, na kuupiga chini wakati wa upepo. Soli nyembamba hupita vizuri katika nyasi fupi na ardhi ngumu. Zaidi ya yote, chuma hiki husema kweli: mkono wa mchezaji huambiwa mara moja ni wapi mpira umegongwa. Kwa fundi habari hiyo ni hazina. Kwa mwanagenzi ni karipio analosikia mara 90 kwa siku moja.

YALIYONIPATA MIMI

Miaka kadhaa iliyopita nilihamishwa kikazi kwenda Jinja. Kila mtu aliyefika uwanja wa pale, ulio karibu na mto Nile, amesimuliwa ile kanuni ya mahali iliyoufanya ujulikane mbali: mpira ukitua ndani ya unyayo wa kiboko, mchezaji huruhusiwa kuuokota na kuudondosha kando bila adhabu. Nilifurahi kusikia kwamba sheria inaweza kumhurumia mtu kiasi hicho. Sikujua kwamba hakuna sheria imhurumiayo mtu aliyebeba fimbo isiyo yake.

Nilikuwa na vyuma vinene vya kuazima, nami nilikuwa nikiendelea vizuri. Ndipo mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao alipotangaza kuuza vyuma vyake vyembamba vilivyofuliwa. Nilivishika mkononi. Vilikuwa vizuri kama visu vipya. Nilitoa fedha ambazo nyumbani zilikuwa zimetengwa kwa jambo jingine, na mke wangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, aliuliza tu, "Hivi vinafanya nini ambacho vile havikufanya?" Nilimjibu kwamba asingefahamu.

Kwa miezi minne sikucheza raundi moja ya kuridhisha. Nilianza kuamini kwamba mkono wangu umeharibika. Hatimaye kedi mmoja mzee, aliyebeba mifuko ya watu tangu utoto wake, alinipeleka kando ya uwanja wa mazoezi. Aliomba poda ya mtoto, akaupaka uso wa chuma nambari 7 kwa upesi, mfano wa mtu anyunyizaye unga mezani kabla ya kusukuma chapati. Akaniambia nipige mipira 20. Kila baada ya pigo aliitazama alama iliyoachwa na mpira juu ya poda, akaichora katika kipande cha karatasi, akapangusa uso, akapaka tena.

Tulipomaliza alinipa karatasi. Alama 4 zilikuwa katikati. Nyingine 16 zilikuwa zimetawanyika kama punje za mahindi mbele ya kuku: ncha, kisigino, chini kabisa. Mzee yule hakucheka. Alisema, "Bwana, fimbo hii ni nzuri sana, lakini ni ya mtu mwingine."

Nilirudi nyumbani nikamwonyesha mke wangu karatasi ile. Aliitazama, akaniuliza kama ningekula.

KARATASI YA SHABAHA

Ninyi wasomaji wetu askari na polisi mna sababu ya kulifahamu jambo hili kuliko mimi raia. Kurutu anapomaliza kulenga shabaha, mwalimu wake haanzi kwa kuuliza ni risasi ngapi zimepiga katikati. Kwanza hutazama kama risasi zimekusanyika pamoja au zimetawanyika. Zilizokusanyika mahali pamoja, hata kama ni mbali na kitovu, huonyesha kwamba mkono ni imara na kilichobaki ni kurekebisha bunduki. Zilizotawanyika huonyesha kwamba kazi iko kwa mlengaji, na hakuna bunduki itakayomponya.

Basi afande na achukue poda, chuma nambari 7, na mipira 20, afanye kama nilivyofanyiwa. Karatasi yake itatoa mojawapo ya majibu matatu.

Kwanza, ikiwa alama 15 au zaidi zimekusanyika katikati, katika duara lisilozidi sarafu kubwa, na ikiwa matokeo ni yale yale siku tatu mbalimbali, basi afande amekuwa fundi. Vyuma vyembamba vitamfaa, nami nitamwomba mama awe na subira juu yake, mabati yakishaezekwa.

Pili, ikiwa alama zimekusanyika lakini ziko karibu na ncha au kisigino, asinunue kitu. Pengine anasimama mbali mno au karibu mno na mpira, au mpini ni mrefu au mfupi kuliko kimo chake. Yamkini pia chuma hakikai sawa ardhini. Hili la mwisho hupimwa kwa kubandika utepe wa karatasi chini ya soli na kupiga mpira juu ya ubao mgumu: alama ya utepe ikiwa upande wa ncha, chuma kimelala mno, ikiwa upande wa kisigino, kimesimama mno. Fundi wa fimbo huweza kurekebisha mara nyingi kwa gharama ndogo kuliko kununua vyuma vipya.

Tatu, ikiwa alama zimetawanyika, vyuma vinene alivyo navyo ndivyo rafiki zake wa kweli, na wenzake wanaomcheka wangefanya vema wapake poda fimbo zao wenyewe.

MTEGO WA NAMBARI

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawapendi kulitaja. Nambari iliyochorwa chini ya fimbo haina kipimo kimoja duniani. Chuma nambari 7 cha mwanagenzi kinachotengenezwa siku hizi kwa kawaida hulala nyuzi 28 hadi 30, hali nambari 7 cha fundi hulala nyuzi 33 hadi 35. Kwa hiyo mwenye chuma kinene akiupiga mpira mbali kumpita mwenye chuma chembamba, asijidai kwamba ana nguvu zaidi. Ameshika fimbo nyingine yenye nambari ile ile. Vivyo hivyo afande atakapobadili vyuma ataona masafa yake yamepungua, naye atafikiri ameibiwa.

Hali kadhalika vyuma vinene vina gharama iliyofichika. Fimbo fupi ya mwisho katika seti hiyo huweza kulala nyuzi 43 tu, na fimbo ya kutokea katika mashimo ya mchanga hulala takriban nyuzi 56. Kati yake kuna pengo la nyuzi 13, na mpira wa masafa yaliyo katikati hukosa fimbo yake. Mwenye seti ya namna hii afikirie kununua fimbo moja ya nyuzi 49 au 50. Hiyo itampunguzia mapigo kuliko seti nzima ya vyuma vya heshima.

Wala mtu asidanganyike na neno "kufuliwa". Wengi husema vyuma vilivyofuliwa ni vya mafundi na vilivyosubiwa ni vya wanagenzi. Siku hizi vipo vyuma vinene vilivyofuliwa, na vipo vya mafundi vilivyosubiwa. La kutazama ni umbo: uzito uko wapi, soli ni pana kiasi gani, shingo imekaa vipi. Tena kuna njia ya kati. Wachezaji wengi, hata wa kulipwa, huchanganya: vyuma virefu, ambavyo ni vigumu kuvipiga, huwa vya kusaidia, vile vifupi, ambavyo ni vyepesi kuviongoza, huwa vyembamba. Hakuna anayewacheka, maana wanahesabu mapigo tu.

ANAYENUNUA VYA MKONO WA PILI

Wasomaji wengi hatununui vipya. Basi ukivikuta kwa mtu, vitazame hivi. Je, vyote ni vya seti moja, au kimoja kimetoka kwingine? Mifereji ya uso ingali na makali, au imelainika kama kisu cha bibi? Mpini una kutu chini ya kishikio? Kishikio kimekuwa kigumu na cha kuteleza? Chuma laini kilichofuliwa huweza kupindika kwa miaka mingi ya kugonga ardhi, kwa hiyo omba fundi akipime kabla ya kulipa. Uliza pia ugumu wa mpini, kwa maana mpini mgumu mno humchosha mzee na mpini laini mno humpotosha kijana mwenye nguvu. Na ukiona vyuma vipya vya jina kubwa kwa bei ya chini mno, fahamu kwamba fimbo za bandia ziko nyingi duniani.

JIBU LETU

Dada yangu, umeuliza kama mume wako anahitaji vyuma hivyo. Mtu aliyecheza miaka mitatu, tena siku za Jumamosi tu, kwa kawaida havihitaji. Lakini usimwambie kwamba mimi ndimi niliyesema. Mpe poda. Karatasi itasema, nayo haijui nani ni ofisa na nani ni kedi.

Nawe afande, kwa kuwa naamini barua hii utaisoma, nakuomba usione haya. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto anayeweza kitabu cha darasa la nne, akipewa cha darasa la saba ili wazazi wake wasifiwe, hujifunza jambo moja tu, nalo ni kukichukia kitabu. Mimi nilikaribia kuuchukia mchezo ambao ulikuwa ukiniburudisha. Na wale wanaosema kwamba chuma kinene ni cha wanawake, waulizwe ni mwanamke gani aliyewaomba wawe wasemaji wake.

Ikiwa moyo wako bado unatamani chuma chembamba, iko njia ambayo haitagusa bati hata moja. Tafuta chuma kimoja tu cha zamani, nambari 7, cha mkono wa pili. Kimoja pekee, kilichoachwa na seti yake, hupatikana kwa bei ndogo. Kitumie kwa mazoezi, mipira 20 kila mara, pamoja na poda, kisha siku ya mchezo chukua vyuma vyako vinene. Ndivyo nifanyavyo mimi hadi leo. Vile vyembamba niliviuza vyote isipokuwa hicho nambari 7. Mara ya mwisho nilipokipaka poda, alama 11 zilikuwa katikati. Bado 4.

Weka karatasi zako pamoja na tarehe zake. Siku zitakapofika tatu zenye alama 15, mwonyeshe mke wako, mkae chini ya paa lenu, mzungumze habari ya fedha.